Jibu kwa kijana wa Likoni: mafunzo na usajili wa mlinzi wa kibinafsi nchini Kenya

Kijana wa Likoni mwenye umri wa miaka 23 ameniandikia kwamba tangu amalize kidato cha nne amekuwa akifanya vibarua vya mjengo na vya kupakua mizigo, na sasa ameamua kuingia katika kazi ya ulinzi. Amepata chuo kinachomdai shilingi 25,000 kwa mafunzo ya wiki tatu na kinachomwahidi kwamba akimaliza atakabidhiwa kazi. Wakala mmoja naye amemwambia kwamba cheti cha chuo hichohicho kitamfikisha Dubai. Mjomba wake, ambaye amelinda mageti tangu miaka ya tisini, anamwambia asitupe pesa, kwani kazi ya ulinzi haisomewi. Anauliza ni nani kati ya hao anayesema kweli, sheria inataka nini hasa, aanze na lipi, na kama kazi hii ina mbele yoyote.

Ndugu yangu, nakujibu kwa urefu kwa sababu maswali yako ni yaleyale ninayoulizwa kila darasa jipya linapoanza, na kwa sababu nimeona vijana wengi wakitoa akiba ya mama zao kununua karatasi isiyo na kazi. Mimi mwenyewe nilisimama lindoni kwa miaka sita kabla ya kuanza kuwafunza wengine, kwa hiyo nitakayokueleza yametoka darasani na getini pia.

Nianze na mjomba wako, kwa kuwa yeye ndiye anayestahili heshima ya kwanza. Anachosema kilikuwa kweli wakati wake. Kwa miaka mingi hapakuwa na sheria ya Kenya iliyomtazama mlinzi wa kibinafsi kama mtu mwenye taaluma. Kampuni ilipata leseni ya biashara, ikanunua sare na virungu, ikamchukua kijana asubuhi na jioni akawa amekwisha kupangiwa lindo. Sasa mambo hayako hivyo. Baada ya shambulio la Westgate jijini Nairobi la tarehe 21 Septemba 2013, ambalo liliua watu 67, na baada ya lile la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, lililoua watu 148, hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwamba anayesimama mlangoni ni mapambo tu. Mwaka 2016 ikapatikana Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi, Nambari 13 ya mwaka huo, nayo ikaunda Mamlaka ya Kudhibiti Ulinzi wa Kibinafsi, ambayo wenye kazi hii huijua zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, PSRA.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote ni kwamba sheria hiyo inasajili pande mbili. Inasajili kampuni, na inamsajili mtu. Usajili wa kampuni haukufuniki wewe, kama vile leseni ya mwenye matatu isivyomruhusu kila anayeshika usukani kuendesha. Wewe binafsi unatakiwa kuwa umefikisha umri wa miaka 18, uwe na akili timamu na afya ya kuifanya kazi, uwe na cheti cha polisi kinachoonyesha kwamba huna rekodi ya uhalifu, na uwe umemaliza mafunzo yanayokubaliwa na Mamlaka. Hayo yakitimia ndipo jina lako linaingizwa katika daftari la walinzi. Mamlaka pia ilianzisha nambari maalumu ya kumtambua kila mlinzi aliyefunzwa na kusajiliwa, ambayo humfuata yeye mwenyewe kutoka kwa mwajiri hadi kwa mwajiri. Kwa hiyo chuo kikikuuliza uko tayari kulipa, nawe kiulize: mafunzo yenu yananifikisha katika daftari hilo, au yananifikisha mlangoni pa ofisi yenu tu?

Kuhusu mpangilio, anza na cheti cha tabia njema, yaani kile cha polisi nilichokitaja, kabla ya kutoa hata shilingi moja ya mafunzo. Maombi yake hufanywa kwa mtandao wa eCitizen, kisha unachapisha fomu ya alama za vidole inayoitwa C24, unakwenda nayo pamoja na kitambulisho chako kwenye Huduma Centre au ofisi ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, na huko alama zako zinachukuliwa. Sababu ya kukitanguliza ni ya fedha: kama kuna jambo la zamani katika rekodi yako, hata lile ulilodhani lilikwisha, ni afadhali ulijue sasa kuliko ulijue baada ya kulipa 25,000. Na hapa nikuonye kuhusu jambo dogo linalowasumbua sana watu wa pwani, nalo ni tahajia ya majina. Kitambulisho kinasema Mohamed, cheti cha shule kinasema Muhammad, fomu ya chuo imeandikwa Mohammed, na jina la babu limo katika karatasi moja na halimo katika nyingine. Usajili hulinganisha karatasi. Amua tangu leo kwamba kila mahali utaandika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, na kama cheti cha shule kinatofautiana nacho, anza kulishughulikia hilo mapema.

Sasa mafunzo yenyewe, ambayo ndiyo moyo wa swali lako. Kuna vyuo ambavyo wiki tatu zote hupita katika kwata: geuka kulia, geuka kushoto, piga saluti, kimbia uwanjani saa kumi na moja alfajiri. Sina ubaya na kwata. Inamfundisha mtu kusikia amri mara moja, kuvaa nadhifu na kusimama saa nyingi bila kuegemea ukuta. Lakini hakuna mwizi aliyewahi kuzuiwa na saluti, na hakuna kesi iliyowahi kusimama mahakamani kwa sababu shahidi alijua kugeuka nyuma. Mafunzo yenye maana yanakufundisha kwanza mipaka ya mamlaka yako, kwa sababu mlinzi asiyejua mipaka hiyo ni hatari kwa wageni, kwa mwajiri, na zaidi kwa nafsi yake.

Wewe si polisi. Utakapomkamata mtu, mara nyingi utakuwa unatumia uwezo ambao sheria ya Kenya inampa raia yeyote. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamruhusu mtu binafsi kumkamata anayetenda mbele ya macho yake kosa ambalo polisi angeweza kulikamatia bila hati ya kukamata, au anayemshuku, kwa sababu za msingi, kwamba ametenda kosa kubwa la jinai. Kinamruhusu pia mwenye mali, na wale aliowapa idhini, kumkamata anayekutwa akiiharibu mali hiyo. Kifungu cha 35 kinachofuata ndicho ambacho vyuo vingi hukipita haraka: uliyemkamata lazima umkabidhi kwa polisi au umpeleke kituoni bila kuchelewa pasipo sababu. Maana yake ni kwamba huna ruhusa ya kumfungia mtu stoo ili “akiri kwanza”, huna ruhusa ya kumpiga picha na kuisambaza, na huna ruhusa ya kumtoza faini. Nguvu unayoitumia isizidi ile inayohitajika kumzuia. Akishatulia, kirungu chako hakina kazi tena juu ya mwili wake, na kila pigo linalofuata ni shambulio ambalo utashtakiwa kwalo wewe, si kampuni iliyokupa kirungu.

Kupekua nako kuna adabu yake. Sheria ya 2016 inamruhusu mlinzi kumpekua mtu anayeingia au kutoka katika jengo analolilinda, lakini ruhusa hiyo inakaa chini ya Katiba, ambayo kifungu chake cha 28 kinalinda utu wa mtu na cha 31 faragha yake. Mwanamke apekuliwe na mwanamke. Mwombe mtu afungue mkoba mwenyewe, badala ya kuuingiza mkono wako ndani yake. Hapa kwetu, ambako akina mama wengi huvaa buibui na nikabu, mlinzi aliyefunzwa vizuri anajua kwamba kama kuna haja ya kuona uso ili kuulinganisha na kitambulisho, shughuli hiyo inafanywa na mlinzi wa kike, kando, mahali penye faragha, na kwa maneno ya heshima. Nimeona mlango mmoja ukiharibikiwa asubuhi nzima kwa sababu kijana alisema “toa hicho” badala ya “samahani mama, mwenzangu atakusaidia hapa pembeni”.

Jambo linalokaribiana na hilo ni vitambulisho vya wageni. Kifungu cha 48 cha Sheria ya 2016 kilimruhusu mlinzi kumtaka mgeni ajitambulishe, kuandika saa ya kuingia na ya kutoka, na hata kukishika kitambulisho chake kwa muda. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka 2024 Mamlaka ikawaagiza walinzi waache kuvishika vitambulisho vya watu getini. Bado utakuta malindo yenye kisanduku kilichojaa kadi za wageni. Mwanafunzi wangu akipangwa katika lindo kama hilo, namwambia amuulize msimamizi wake kwa maandishi kama kadi hizo ziendelee kushikwa, maana kadi moja ikipotea na kutumiwa kusajili laini ya simu ya tapeli, atakayetafutwa ni aliyekuwa zamu. Na daftari la wageni lenye majina na nambari za simu lisiachwe wazi mezani ili kila anayeandika asome walioandika kabla yake. Nambari ya msichana aliyeingia saa tatu si mali ya mvulana wa saa nne, wala si mali yako wewe mlinzi.

Halafu kuna kuandika. Nikipewa nafasi ya kufundisha somo moja tu katika wiki hizo tatu, nitachagua kitabu cha matukio. Nitakueleza kwa nini. Katika mwaka wangu wa pili lindoni nilikuwa zamu ya usiku katika godauni moja, kwa kampuni ambayo sitaitaja. Lori lilitoka saa nane usiku likiwa na karatasi zilizoonekana sawa. Mimi nikaandika: “Lori limetoka, hali shwari.” Baada ya siku kumi na moja ikagundulika kwamba mzigo uliotoka ulizidi ule ulioandikwa. Mpelelezi akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari wangu, akaniuliza nambari ya lori, jina la dereva, nambari ya sili ya kontena, yaani kile kifungo cha mlangoni kinachoonyesha kama limefunguliwa, na nani aliyefungua geti. Sikuwa na jibu hata moja. Mwenzangu wa zamu, aliyekuwa na watoto watatu, alifukuzwa kazi pamoja nami, ingawa yeye alikuwa upande wa nyuma wa godauni na hakuliona lori hilo kamwe. Mstari mmoja ulioandikwa sawasawa ungemwokoa.

Kwa hiyo ujifunze kuandika hivi: tarehe na saa kwanza, kisha ulichokiona kwa macho yako, kikitengwa na kile ulichoambiwa na mtu mwingine, ambaye umtaje. Usiruke mstari, kwa sababu mstari mtupu ni mahali pa mtu mwingine kuongeza neno baadaye. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno ili bado lisomeke, andika lililo sahihi kando yake, na utie sahihi. Usichane ukurasa. Unapopokea zamu, hesabu funguo, tochi, redio na mitungi ya kuzimia moto kabla ya kutia sahihi, si baada ya mwenzako kuondoka. Chuo ambacho hakikufanyi uandike ripoti kila siku na kuirudishiwa ikiwa na masahihisho, hata kiwe na uwanja mzuri wa kwata namna gani, kitakutoa ukiwa nusu.

Moto na huduma ya kwanza ni masomo ambayo wanafunzi hudhani ni nyongeza, ilhali mlinzi wa kawaida anaweza kustaafu bila kumwona jambazi mwenye silaha lakini hatastaafu bila kuona waya ukiwaka au mtu akianguka. Ujue kwa mikono yako, si kwa picha ukutani, kwamba maji hayamwagwi juu ya moto wa umeme wala wa mafuta yanayowaka, kwamba mtungi wa kabonidaioksaidi ndio unaofaa kwa vifaa vya umeme, na kwamba kila mtungi una tarehe ya ukaguzi ambayo ni kazi yako kuitazama. Kama chuo chako hakina mkufunzi wa huduma ya kwanza, Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance hutoa kozi hiyo kwa muda mfupi, na cheti chao kinaheshimiwa na waajiri wengi, hata wale wasio wa sekta ya ulinzi.

Silaha nitaitaja kwa ufupi kwa sababu vijana huipenda. Mlinzi wa kibinafsi nchini Kenya habebi bunduki kazini. Ndiyo maana unaona magari ya kubeba pesa yakisindikizwa na polisi wenye silaha. Ukivuka Lungalunga kuingia Tanzania utawakuta walinzi wa kampuni wenye bunduki mbele ya mabenki, kwa kuwa huko utaratibu ni mwingine. Kwa hiyo chuo cha hapa kinachokutoza ada ya ziada kwa “mafunzo ya silaha” ili uajiriwe kama mlinzi nchini kinakuuzia kitu ambacho hutakitumia.

Turudi basi kwenye chuo chako na zile 25,000. Sikijui, na sitakihukumu bila kukiona. Ninachokuomba ni uende mwenyewe, mchana, siku ya masomo, uombe kukaa nyuma ya darasa kwa saa moja. Uulize kama kimeidhinishwa na Mamlaka kutoa mafunzo ya walinzi, uonyeshwe hati hiyo, kisha uithibitishe kwa Mamlaka yenyewe badala ya kuamini nakala iliyobandikwa ukutani. Uulize ni nani anayefundisha sheria na amefanya kazi wapi. Uulize ada inalipwa kwa awamu au kwa mkupuo, na upewe risiti yenye jina lako na jina la chuo, si ujumbe wa M-Pesa uliotumwa kwa nambari ya mtu binafsi. Kuhusu ahadi ya kazi, nisikufiche: chuo hakiwezi kuahidi ajira ambayo si chake kuitoa. Kinaweza kusema kwamba kampuni fulani huja kuchagua wahitimu, na hilo unaweza kulithibitisha kwa kuwatafuta wahitimu wa mwaka jana wawili au watatu. Mara nyingi ahadi hiyo hugeuka kuwa “lipa kidogo tena ya kuingizwa kwenye orodha”, na hapo ndipo ninapowaambia wanafunzi waondoke.

Tena kuna njia nyingine ambayo hukuitaja. Kampuni kubwa kadhaa huajiri kwanza kisha huwafunza vijana wao wenyewe katika vyuo vyao. Kabla ya kulipa, peleka maombi katika ofisi za kampuni tatu au nne za Mombasa na uulize utaratibu wao, na kama mafunzo ni ya bure au yanakatwa kwenye mshahara, kiasi gani na kwa miezi mingapi. Kukata gharama si lazima iwe dhuluma kama uliambiwa mapema na ukakubali kwa maandishi. Lakini kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamkataza mwajiri kukata mshahara wa mfanyakazi kama malipo ya kumpa kazi au kumwacha aendelee kuwa kazini. “Pesa ya kushikilia lindo” haina jina jingine.

Ukishapata kazi, soma mkataba. Ajira ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa iwe na mkataba wa maandishi. Walinzi wana amri yao ya mishahara, iliyotolewa mwaka 1998 kwa ajili ya sekta ya ulinzi, na amri hiyo inaweka saa za kawaida kuwa 52 kwa wiki, zikigawanywa katika siku sita. Fanya hesabu mwenyewe: zamu ya saa kumi na mbili kwa siku sita ni saa 72. Zile 20 zilizozidi ni saa za ziada zenye malipo yake, na hapo ndipo jasho la walinzi wengi linapopotelea bila wao kujua. Una siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya mwaka yenye malipo isiyopungua siku 21. Makato ya lazima hayana budi kuonekana katika hati ya mshahara: NSSF, bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5. Hayo si wizi wa kampuni, ila ni haki yako kuhakikisha kwamba yaliyokatwa yamefikishwa yanakopaswa kwenda.

Kuhusu kiwango cha mshahara, usiende na matumaini ya uongo. Mwanzoni mwa 2024 Mamlaka ilitaka mlinzi wa Nairobi asilipwe chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi, baadhi ya kampuni zikapinga, na jambo hilo likafika mahakamani. Kima cha chini cha serikali, kilichopandishwa kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024, kilikuwa takriban shilingi 16,100 kwa mlinzi wa mchana katika miji mikubwa, na cha mlinzi wa usiku kilizidi hapo kidogo. Kwa kodi ya chumba na nauli ya kuvuka feri na kupanda matatu kila siku, pesa hiyo ni ndogo, nami naamini kwa dhati kwamba anayekabidhiwa uhai wa watu mia mbili ndani ya jengo anastahili zaidi. Ndiyo sababu nakuhimiza uchague tangu mwanzo kuelekea kwenye upande wa kazi hii unaolipa ujuzi.

Nawe uko mahali pazuri kwa hilo. Mombasa ni bandari, na bandari za kimataifa zinafuata kanuni za usalama wa meli na bandari zinazojulikana kama ISPS, zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Kila kituo kinachohudumia meli za safari za kimataifa kinatakiwa kiwe na mpango wa usalama na afisa anayeusimamia, na wafanyakazi wenye majukumu ya ulinzi hapo wanafunzwa juu ya mpango huo. Mlinzi anayejua kusoma sili ya kontena, kulinganisha nambari zake na karatasi, na kuandika ripoti isiyo na mapengo, ana thamani kwenye gati na katika vituo vya makontena kuliko yule anayejua kufungua geti tu. Wewe umepakua mizigo, kwa hiyo lugha ya hapo si ngeni kwako. Upande wa pili ni uwanja wa ndege, ambako ukaguzi wa abiria na mizigo una mafunzo na vyeti vyake chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na cheti cha mlinzi wa kawaida hakitoshi. Kuna pia chumba cha kamera, uendeshaji wa mbwa, na kazi ya msimamizi wa zamu. Kwa hoteli za Diani na Nyali, Kiingereza kizuri na maneno machache ya Kijerumani au Kiitaliano yamewapandisha watu ninaowafahamu haraka kuliko kozi yoyote ya misuli.

Limebaki swali la Dubai. Wakala wako amekuambia nusu ya jambo. Walinzi wengi wa Afrika Mashariki wanafanya kazi huko, na baadhi wamejenga nyumba kwa kazi hiyo. Lakini Dubai ina chombo chake cha kudhibiti ulinzi, kinachoitwa SIRA, kilichopangwa kwa sheria ya mwaka 2016, na mlinzi hupata ruhusa yake kwa kufunzwa na kufanyiwa mtihani hukohuko, katika vituo vinavyokubaliwa na chombo hicho, akiwa chini ya mwajiri aliyemleta. Abu Dhabi nayo ina utaratibu wake. Cheti cha hapa kinaweza kukusaidia uonekane mbele ya wengine wakati wa usaili, pamoja na kimo, afya na Kiingereza, ila hakigeuki kuwa leseni ya kule. Kabla ya kumpa wakala huyo chochote, hakikisha kwamba ofisi yake imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, uone mkataba wenye jina la kampuni ya huko, mshahara, saa za kazi na makazi, na uusome kabla ya tiketi kununuliwa, na nakala yake ibaki nyumbani kwa mama yako. Akikuambia mkataba utauona ukifika, usiende.

Kwa hiyo, wiki hii omba cheti cha tabia njema na uyalinganishe majina katika karatasi zako zote. Wakati ukikingoja, tembelea ofisi za kampuni na ukae nyuma ya darasa la hicho chuo. Na mjomba wako mweleze kwa upole kwamba usajili wa 2016 haukuwaacha nje wakongwe: yeye pia anatakiwa kuwa na jina lake katika daftari la Mamlaka, na ni haki yake kumuuliza mwajiri wake kama jambo hilo limeshughulikiwa. Mkiweza, nendeni pamoja kuchukua alama za vidole. Atakuwa na mengi ya kukufundisha mkiwa kwenye foleni, hasa kuhusu zamu za usiku, ambazo hata mimi sijawahi kuziweza kuzieleza vyema darasani.